Kichupa Kimoja, Mashahidi Watatu

Mwanamume aliyetunza kompyuta za hospitali alibonyeza kitufe, akapiga funda la chai, na alipoinua macho akakuta jina la kwanza kwenye ripoti ni la mkewe.

Hakushtuka papo hapo. Alidhani macho yamechoka. Akabonyeza tena, maana watu wa kompyuta nao wana ushirikina wao: kitu kikiwaudhi wanakizima na kukiwasha, wakitumaini kimepata akili. Ripoti ikarudi vilevile. Mkewe, muuguzi wa wodi ya upasuaji, aliyehamishiwa zamu ya usiku mwezi huohuo, alikuwa ametoa kwenye kabati la kufuli vichupa vya dawa kali ya maumivu karibu mara tatu ya wenzake.

Hospitali nzima walimwita Fundi. Printa ikikwama, Fundi. Taa ya korido ikizimika, Fundi huyohuyo, ingawa taa hazikumhusu hata chembe. Lakini kazi aliyojivunia ilikuwa mfumo alioujenga kwa mikono yake wa kufuatilia zile dawa kali, ambazo mtu mwenye tamaa anaweza kuzitoa nje na kuziuza kwa bei ya kutisha. Kila kichupa kilipotolewa kabatini, muuguzi aliingiza kwenye mfumo nani ametoa, cha mgonjwa gani, na shahidi gani ameona. Sheria ilidai shahidi mmoja tu.

Kisha kila mwisho wa mwezi Fundi aliuliza mfumo swali lake, kwa lugha ya mashine. Nipe wauguzi wa zamu ya usiku, na shahidi awe muuguzi au daktari. Nijumlishie vichupa vya kila mmoja. Halafu nionyeshe wale tu ambao jumla yao imepita kiwango. "Na" hapa, "au" pale, jumla mwishoni. Mistari michache iliyopangika, mtu ungependa kuitia kwenye fremu. Aliipima kwa wauguzi wa kubuni, ikajibu sawasawa, na tangu hapo hakuitilia shaka hata siku moja.

Mke je? Huyo Fundi alimtilia shaka dakika ileile. Tusimfiche, mwacheni aonekane alivyo. Aliikunja ripoti, akaiweka mfukoni, na wazo la kwanza lililompitia si kwamba huenda amekosea. Wazo la kwanza lilikuwa: kumbe ndiyo maana.

Ndiyo maana ya nini, hata mwenyewe asingeweza kukwambia.


Nyumbani walikaa watu watatu: Fundi, mkewe, na mama yake Fundi, aliyekuja kukaa wiki mbili goti lipone na sasa goti lilikuwa limepona mwaka mzima. Mkwe alimtunza vizuri. Alimkanda goti, alimchemshia maji ya kuoga, hakumjibu hata alipochokozwa. Lakini mama huyu alikuwa na jicho lake, na jicho hilo halikuwa na likizo.

"Mimi si mtu wa maneno," alimwambia mwanawe jioni ile, na mtu akianza hivyo ujue maneno ndiyo anayaleta. "Lakini mkoba wa mkeo siku hizi una nini?"

"Una nini vipi?"

"Ni mzito! Juzi nafagia chumbani kwenu, nikataka kuusogeza, nusura bega liteguke. Tena umesukumwa chini ya kitanda, upande wa ukutani. Mkoba wa kazini unalala chini ya kitanda kwa nini? Unaumwa?"

"Mama, achana nayo."

"Nimeachana nayo. Na simu yake akipigiwa anakwenda kupokelea uani. Nimeachana na hilo pia." Alinyoosha goti lililopona. "Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, laja."

Siku nyingine Fundi angecheka. Siku ile maneno ya mama yake yalikaa juu ya ripoti iliyokuwa mfukoni, yakalingana nayo. Alimsikia mkewe bafuni akijimwagia maji kabla ya kwenda zamu. Akaingia chumbani, akapiga magoti na kuuvuta mkoba.

Kulikuwa na kandambili, bakuli la chakula, na sare ya akiba. Chini kabisa kulikuwa na vitabu vitatu vinene vilivyovishwa magazeti ya zamani kama vya mtoto wa shule. Akafungua kimoja. Kilikuwa cha dawa za usingizi na za maumivu. Ukurasa mzima ulieleza ileile dawa ya kwenye kabati la kufuli: vipimo vyake, nguvu yake, inakaa mwilini muda gani. Mtu alikuwa amepiga mistari kwa kalamu nyekundu.

"Umepoteza nini humo?"

Mkewe alisimama mlangoni, khanga kifuani, maji yakimchuruzika mabegani. Fundi alibaki na kitabu mkononi.

"Natafuta chaja."

"Chaja yako iko ukutani. Inachaji simu yako."

"Sikuiona."

"Hukuiona." Alisogea, akachukua kitabu, akakirudisha mkobani taratibu. "Uliza unachotaka kuuliza."

"Vitabu hivi vya nini?"

"Vya kusoma."

"Mbona umevificha?"

Mwanamke aliikaza khanga yake. "Nataka kurudia mtihani wa wauguzi wa chumba cha upasuaji, wale wanaosaidia kulaza wagonjwa usingizi. Nakumbushwa kila siku kwa simu na mwenzangu tunayesoma naye. Mara ya kwanza nilipofeli ulinitania mbele ya wageni, ukasema mimi nitawalaza wagonjwa kwa kuwasimulia hadithi. Wageni wakacheka. Mama yako akacheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo safari hii nimeamua nikifeli, nifeli peke yangu."

Fundi alikumbuka utani ule. Wakati ule aliuona mzuri sana. Alitaka kusema pole, mdomo ukafunguka, lakini kitu kingine ndani yake kikawahi: mbona jibu lake liko tayari hivi? Na kati ya dawa zote duniani, amepigia mistari hiyohiyo?

"Haya," alisema. "Uende salama kazini."

"Unaumwa wewe?" mkewe aliuliza, maana hakuwa amezoea kuagwa kwa sauti ile.

"Nimechoka tu."


Alikaa na ripoti siku mbili. Angeweza kumwonyesha mkewe, akamuuliza ana kwa ana, hii imekuwaje. Hakumuuliza. Aliogopa akimuuliza atamtahadharisha, na kama ni mwizi atapata nafasi ya kuficha. Aliogopa pia akiizuia ripoti, siku ikijulikana, watasema mume na mke walikuwa wanakula sahani moja. Hofu hizi mbili zilimsukuma mpaka mlangoni kwa Matroni, mkuu wa wauguzi, mwanamke wa miwani ya kamba aliyetembea kwa haraka hata akiwa hana haraka.

Matroni alisoma. Alisoma tena. Kisha akavua miwani.

"Huyu si mkeo?"

"Ndiye."

"Una hakika na hesabu?"

"Matroni, hesabu haidanganyi."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie." Alimtazama kwa namna ambayo Fundi hakuielewa, nusu heshima, nusu kitu kingine. "Umefanya jambo gumu. Wengine wangeficha."

Fundi akatoka amejaa sifa hiyo, jamani. Aliipanda ngazi nayo.

Kesho yake asubuhi, wafanyakazi wa zamu ya usiku walipokuwa wanatoka na watu wa kuwaona wagonjwa wamepanga foleni getini, askari alimsimamisha mkewe. Ni askari yuleyule ambaye mwaka uliopita sista huyo alimshona mguu usiku na kumfukuzia wadaku waliokuja kumchungulia. Sasa hakuweza kumtazama.

"Sista, samahani. Nimeagizwa. Weka mkoba hapa mezani."

"Wangu peke yake?"

"Nimeagizwa, Sista."

Vitu vyake vikatolewa kimoja kimoja mbele ya foleni. Kandambili. Bakuli, likafunguliwa, likanuswa. Sare ya akiba ikakung'utwa kama mkeka. Vitabu vikashikwa mgongo na kutikiswa ili kama kuna kitu katikati kidondoke. Mama mmoja mwenye chupa ya uji alimuuliza jirani yake, "Kaiba nini?" Jirani akajibu, "Watu hawa hawakosi cha kuiba." Halafu muuguzi mwenzake akamwita chumbani kwa askari, akamvua viatu na kumpapasa nguo.

Fundi alikuwa ghorofani, dirishani kwa ofisi yake. Aliona yote. Mkewe alipotoka kwenye kile chumba, akifunga vifungo vya sweta, aliinua uso na macho yao yakakutana. Fundi akarudi nyuma hatua moja, nyuma ya pazia.

Hawakupata kitu. Lakini Matroni alimwambia akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe, na kwamba jina lake litapelekwa kwenye baraza la wauguzi, na baraza likiridhika atanyang'anywa leseni. Bila leseni hawezi kushika sindano popote, hata zahanati ya uchochoroni. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa kwenye karatasi ile.

"Matroni, wewe unanijua," mwanamke alisema.

"Ripoti imetoka kwa mumeo. Kama kuna mtu wa kukutetea, angekuwa yeye."


Fundi alirudi nyumbani mchana. Mamake alizima redio alipoingia. Redio ile haikuwahi kuzimwa mchana tangu afike.

Mkewe alikuwa ameketi kitandani na sare yake ya kazi, hakuwa ameivua.

"Ulijua tangu lini?"

"Sikiliza..."

"Tangu lini?"

"Siku tatu."

"Kwa hiyo ile siku ya chaja ulijua." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Ulikuwa unanipekua. Askari getini amekuiga wewe."

"Ungekuwa mimi ungefanya nini? Jina lako liko juu kabisa! Mara tatu ya wenzako! Nieleze basi, mke wangu, nieleze, mimi hicho ndicho ninachotaka."

"Nikueleze kitu ambacho sikufanya? Kinaelezwaje?"

"Vichupa vimekwenda wapi?"

"Kwa wagonjwa! Wapi tena?" Sasa alisimama. "Mimi sijafungua kabati lile hata mara moja bila watu. Wenzangu wanaita shahidi mmoja, wakati mwingine anatia alama bila kuinuka kitini. Mimi naita wawili, watatu. Daktari akiwepo namwita na yeye. Wananichukia kwa hilo, wananiita Sista Mkutano wa Hadhara. Nimewaambia, dawa hii ina maneno, mimi sitaki maneno. Waulize! Kila kichupa nilichotoa kimeonwa na watu watatu!"

Sasa tazameni shaka inavyofanya kazi. Maneno hayo yangemtosha mtu yeyote. Fundi yalimwingia sikio moja, yakageuka ndani, yakatoka na sura nyingine.

"Kwa nini watatu?" aliuliza. "Sheria inataka mmoja. Mtu mwenye moyo mweupe anahitaji mashahidi watatu wa nini?"

Hata mama yake, sebuleni, aliguna. Na guno lile, kwa mara ya kwanza, halikuwa la upande wa mwanawe.

Mkewe alichukua mto na shuka, akapita sebuleni, akafungua mlango wa chumba cha mama mkwe.

"Mama, nitalala kwako."

"Lala, mwanangu," mama mkwe alisema. Kisha akawasha redio, kwa sauti ya juu kuliko kawaida.


Asubuhi Fundi aliingia ofisini na nia moja: kuwakamata wale mashahidi. Kwa akili yake, watu watatu wanaosimama kila mara mbele ya kabati si mashahidi, ni genge. Alitaka majina yao. Akaacha ripoti, akafungua kumbukumbu zenyewe, mstari kwa mstari, za mkewe peke yake, na pembeni akaamuru mashine imwonyeshe jina la shahidi wa kila mstari.

Kichupa cha kwanza. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, shahidi ni muuguzi mwenzake. Chini yake kichupa cha pili, mgonjwa yuleyule, saa ileile, shahidi ni daktari. Chini yake cha tatu, mgonjwa yuleyule, saa ileile, shahidi muuguzi mwingine.

Fundi akasema kwa sauti, "Mgonjwa mmoja vichupa vitatu kwa dakika moja? Si atakufa?"

Akaitazama namba ya kichupa. Ilikuwa moja. Mistari mitatu, namba moja.

Akashuka chini: mistari mingine nayo ni vilevile.

Ilikuwa hivi. Sharti la shahidi, lile la "muuguzi au daktari", alikuwa ameliweka kabla ya kujumlisha. Ili mashine ijue shahidi ni nani, ilibidi iunganishe orodha ya vichupa na orodha ya mashahidi. Kichupa chenye shahidi mmoja kikatoka mara moja. Chenye watatu kikatoka mara tatu. Ndipo mashine, mtiifu asiyeuliza, ikajumlisha kila ilichokiona. Ni kama mwanamke mmoja aingie sokoni, aonwe na watu watatu, kisha usiku uandike kwamba wameingia wanawake watatu. Katika majaribio yake kila muuguzi wa kubuni alikuwa na shahidi mmoja, maana Fundi hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu duniani atakayeita zaidi ya sheria inavyotaka.

Yaani kadiri muuguzi alivyokuwa mwangalifu, ndivyo ripoti ilivyomwita mwizi. Na anayetoa kwa shahidi mmoja aliyekaa kitini alitoka msafi.

Akaandika swali upya. Safari hii aliiambia mashine ihesabu kila kichupa mara moja, na habari ya shahidi iulizwe pembeni tu: yupo au hayupo. Akabonyeza. Ripoti ikatoka tupu. Hakuna muuguzi hata mmoja aliyepita kiwango. Hakukuwa na mwizi kabisa.

Aliinamisha kichwa juu ya kibodi akalia, peke yake, mlango umefungwa. Hakulia kwa furaha.


"Sasa hili tulimalize kiungwana," Matroni alisema. Fundi alikuwa amempelekea ripoti mpya, na sasa walikuwa watatu ofisini kwake; mke wa Fundi aliitwa kutoka nyumbani, akaja na gauni la kawaida, akakataa kukaa. "Sista, mfumo ulipata hitilafu. Imerekebishwa. Rudi kazini leo usiku, na barua ya baraza haijatoka, naichana hapa hapa. Yaliyopita si ndwele."

"Hitilafu," mwanamke alirudia.

"Mambo ya mashine."

"Mashine ina mikono?" Alimgeukia mumewe kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Nauliza. Hitilafu iliandikwa na nani?"

Fundi alitazama sakafu. Ilikuwa na vigae vya kijani, kimoja kimepasuka.

"Mimi," alisema.

"Sema kwa sauti. Jana kwenye foleni kila mtu alisikia."

"Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Nilihesabu kichupa kimoja mara tatu, kwa sababu uliita mashahidi watatu. Hukufanya kosa lolote. Nilikosea mimi, na nilipokosea sikukuuliza."

Matroni alikohoa, akidhani sasa yameisha. Lakini mwanamke alikuwa bado amekunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha kitu.

"Ripoti hii ulianza kuitoa lini?"

"Tangu mwanzo wa mwaka," Fundi alisema.

"Kwa swali hilohilo? Bovu?"

"Hilohilo."

"Basi Sista Kicheko wa wodi ya wazazi," mkewe alisema polepole, "yule wa zamu ya usiku aliyefukuzwa tukaambiwa ameiba dawa. Yeye alifukuzwa kwa ripoti ipi?"

Matroni alivaa miwani, akaivua. Sista Kicheko walimwita hivyo kwa sababu kicheko chake kilisikika wodi tatu mbali; tena hakuweza kufanya jambo peke yake. Hata kwenda kunywa maji alitaka mwenzake. Mtu kama huyo akifungua kabati, anaita zamu nzima.

"Iulize mashine," mwanamke alisema.

Fundi akaigeuza kompyuta ya Matroni, akaandika swali jipya, miezi ile, jina lile. Jibu likatoka. Sista Kicheko alikuwa ametumia vichupa kama wenzake wote. Vichache kidogo, hata.

"Mungu wangu," Matroni alisema. Kisha cheo kikamrudia. "Sasa, la kuvunda halina ubani. Yule ameshaondoka, leseni ameshanyang'anywa. Nitaandikia baraza, watalitazama, ni taratibu..."

"Litatazamwa lini?"

"Hayo si juu yangu."

Mwanamke akachukua mkoba wake, akamwangalia mumewe. "Mimi nilikuwa na bahati ya kuolewa na aliyeandika. Yeye hakuolewa na wewe, kwa hiyo hukujisumbua hata kufungua kumbukumbu zake. Twende."

"Wapi?"

"Kwake."

"Leo?"

"Ulipopeleka ripoti ulingoja mwezi?"

Ngazini Fundi alijaribu kumshika mkono. Mkewe akautoa, bila kelele, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo. "Usidhani nimekusamehe. Yetu mimi na wewe bado. Hii ni ya mtu mwingine."


Walimkuta mbele ya chumba chake, kwenye safu ya vyumba vinavyotazamana na barabara ya vumbi, akifua nguo za watu kwa ujira. Mabeseni manne, kamba tatu zimejaa. Mara ya kwanza Fundi hakumtambua. Alikuwa anamjua kwa sauti, na mwanamke huyu hakuwa na sauti yoyote.

Aliinuka alipoona kitambulisho cha hospitali kinaning'inia shingoni kwa Fundi. Akapangusa povu mikononi, akarudi nyuma na kusukuma mlango wake ukafunguka wote.

"Mmekuja kunipekua tena? Ingieni. Safari ile mlipasua godoro. Sasa nalala kwenye mkeka, hakuna cha kupasua."

"Hapana, dada yangu," mke wa Fundi alisema. "Hatujaja kupekua. Huyu ana maneno ya kukwambia."

Fundi alianza na mfumo, akasema, "Mfumo ulikuwa na..." akamwona mkewe anamtazama, akaacha. Akavua kile kitambulisho akakitia mfukoni.

"Ripoti iliyokufukuzisha niliiandika mimi. Ilikuwa ya uongo. Ulikuwa unaita watu wengi kushuhudia, na mimi nikahesabu kila shahidi kuwa ni kichupa. Hukuiba. Nimekuja kukwambia kwamba hukuiba."

Alidhani atalia, au atamtukana, na alikuwa amejiandaa kwa yote mawili. Sista Kicheko alimtazama tu, mikono imelegea, maji yakidondoka vidoleni.

"Unaniambia mimi?" alisema mwishowe.

"Ndiyo, dada."

"Mimi si nilikuwa najua."

Fundi akaanza kueleza upya, naye akamkatiza.

"Mimi najua tangu siku ile. Hujaniletea habari." Aliinua mkono wenye povu, akaonyesha ng'ambo ya barabara. "Walipokuja kupekua walileta gari la hospitali, likasimama pale, mtaa mzima ukatoka. Mlango ule wa bluu, watoto wao walikuwa wanashinda kwangu, sasa wamekatazwa. Yule fundi cherehani nikipita anasogeza nguo za wateja ndani. Na baba wa wanangu yuko kwa dada yake, nyumba ya mwisho kule, yeye na wanangu. Alisema hawezi kulea watoto na mwizi. Hao ndio hawajui. Nenda kawaambie hao."

"Wote?"

"Wote. Anza na mlango wa bluu."

Fundi alimgeukia mkewe, akitumaini labda atakwenda naye. Mkewe alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, ameshika upande mmoja wa shuka lililojaa maji, na Sista Kicheko ameshika upande wa pili, wanalikamua bila kusemezana.

Akavuka barabara peke yake. Mbele ya mlango wa bluu alisimama, akajipangusa uso, akabisha.

"Hodi," alisema, na sauti haikutoka. Ikabidi aite tena, kwa nguvu, mpaka majirani wa milango mingine wakatoka nje kutazama.